Kabla hujanunua baiskeli ya kuendea dukani, pita kwanza kwa fundi wa mtaani kwako

Leo siongelei kuposti wala jinsi ya kupata wafuasi. Naongelea kitu kinachokula hela zetu kila siku na wengi hatukiandiki kwenye daftari: nauli ya kwenda na kurudi dukani.

Mi nauza madera, vijora na vitenge. Wateja wengi nawapata WhatsApp na Instagram, ila nina kafremu kadogo karibu na Msamvu hapa Morogoro, kwa sababu mizigo ya mikoani naisafirisha kwa basi na stendi iko palepale. Nyumbani ni Mkundi, ndani ndani huko, kama kilomita 7 mpaka dukani. Kutoka kwetu hadi kuikuta lami hakuna barabara ya maana. Ni njia ya miguu iliyopanuliwa na ng'ombe na bodaboda. Kiangazi mchanga na vumbi, masika tope linalonata mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mbigili zipo mwaka mzima.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napanda boda. Asubuhi 2,000, jioni 2,000. Nilikuwa najiambia ni hela ndogo. Siku moja nikakaa na daftari nikapiga hesabu: 4,000 mara siku 26 ni 104,000 kwa mwezi. Kodi ya fremu yangu ilikuwa 80,000. Yani nilikuwa namlipa bodaboda kuliko mwenye nyumba!

Na ule mtaji haukuwa wangu. Mama alinikopea 350,000 kwenye kikoba chake, rejesho kila Jumamosi. Kuna Jumamosi mbili nilifika nyumbani sina kitu, mama akarejesha kwa hela yake ya kuuza maandazi. Hakusema neno. Alinitengea chakula kama kawaida, mi nikashindwa kula.

Hapo ndo nikaamua kununua baiskeli. Uamuzi ulikuwa sahihi. Baiskeli yenyewe ndo nilikosea.

NILINUNUA KWA MACHO

Nilipita mahali wanapouza baiskeli nikaona moja nyekundu inang'aa. Ina gia mbele na nyuma, ina shokapu mbele, na nyingine katikati ya fremu kama pikipiki. Muuzaji akaniambia, "Dada yangu, hii ndo ya njia mbovu, shimo hulisikii." Bei 165,000. Nikalinganisha na baiskeli mpya za kawaida nilizoziona, hii ilikuwa rahisi na nzuri zaidi. Nikalipa.

Wiki ya kwanza raha. Nikapiga na picha nikaposti. Wiki ya pili nikaanza kuona shida.

Ya kwanza, uzito. Chuma kingi, na kila nikikanyaga pedali ile shokapu ya nyuma inabonyea. Sehemu ya nguvu zangu inaishia kwenye springi. Nafika dukani jasho kama nimelima.

Ya pili, haikuwa na keria, na fundi akasema hawezi kuifunga vizuri kwa sababu sehemu ya nyuma inacheza. Nikawa nabeba mzigo mgongoni. Sasa baiskeli ya mfanyabiashara isiyobeba mzigo ni ya nini?

Ya tatu, haikuwa na madigadi. Masika ilipoanza, tope lote mgongoni kwangu na kwenye begi.

Ya nne ndo iliyonimaliza. Zile gia zinahamishwa na kidude kinachoning'inia nyuma karibu na spoku. Kikigonga jiwe au kisiki kinapinda kuelekea ndani, na wewe hujui. Kuna Ijumaa nilikuwa na oda ya vijora 12, sare za kicheni pati ya Jumamosi. Nikiwa kwenye korongo nikabadilisha gia ili nipande. Kile kidude kikaingia kwenye spoku, gurudumu likakamata palepale, mi na mzigo tukaenda chini kwenye tope. Mfuko ukapasuka. Vijora vinne vikaharibika.

Mteja alichukua vinane akakataa vinne, na alikuwa na haki. Alikuwa mteja wangu wa kudumu. Hakuwahi kurudi.

Niliikokota mpaka kwa fundi wa njiapanda, mzee mmoja amekaa chini ya mwembe na boksi lake la spana. Akaigeuza, akaiangalia, akasema, "Mwanangu, hii ni baiskeli ya kuangaliwa." Kile kidude hakuwa nacho, spoku za urefu ule hakuwa nazo, na maduka ya spea pale jirani hayakuwa nazo pia. Nilikaa siku 9 bila usafiri nikisubiri spea zitoke Dar.

Kwa miezi minne nilitumia 71,000 kwa matengenezo, kisha nikaiuza 60,000. Piga hesabu: 165,000 kujumlisha 71,000 kutoa 60,000. Ile baiskeli "rahisi" ilinigharimu 176,000, bila kuhesabu vijora na mteja.

MSIMAMO WANGU

Ninachoamini mimi, na tubishane tu kama hukubali: baiskeli ya bei nafuu ni ile ambayo fundi wa karibu na wewe anaijua na duka la spea la karibu lina vifaa vyake. Bei ya kununulia ni ya pili. Kwa sababu kwenye njia zetu kuharibika itaharibika tu, hata ingekuwa ya dhahabu. Swali ni ikiharibika leo saa 2 asubuhi, saa 4 utakuwa dukani au utakuwa unasubiri spea wiki nzima huku wateja wanakuuliza inboksi "dada mzigo uko wapi?"

Kwa hiyo usianze kwa muuzaji. Anza kwa fundi. Mpelekee hata soda, muulize maswali matatu:

1. Baiskeli gani unazitengeneza sana hapa?
2. Tairi gani na tyubu gani zinapatikana hapa hapa, na bei gani?
3. Ipi ukiletewa unakasirika?

Hilo la tatu lina majibu matamu, jaribu.

AINA TATU UTAKAZOKUTANA NAZO

Kwenye mitaa yetu, ukiwa na hela ndogo, mara nyingi utachagua kati ya hizi.

Ya kwanza ni ile ya kizamani ya tairi kubwa la inchi 28, kama Phoenix, ambayo babu zetu wamebebea mkaa na magunia ya mahindi. Uzuri wake: gurudumu kubwa linapita juu ya mashimo kirahisi, keria ni ya nguvu, spea zipo mpaka vijijini. Ubaya: nzito, na zile breki za fito mvua ikinyesha hazishiki vizuri kwenye ringi ya chuma. Kama unabeba mzigo mzito na njia yenu haina miteremko mikali, chukua hii usijiulize mara mbili.

Ya pili ni mtumba wa Kijapani, ile yenye kikapu mbele. Dada zangu tunaipenda, na kuna sababu: haina mwamba, unapanda na dera lako, ina madigadi, mara nyingi cheni imefunikwa haili nguo. Lakini ilitengenezwa kwa barabara za lami. Tairi zake ni nyembamba, kwenye mchanga zinazama. Nyumatairi likipata pancha, kulitoa ni kazi kwa sababu ya kile kifuniko cha cheni na breki ya nyuma. Kama njia yenu ni ngumu kidogo tu, inafaa. Kama ni kama ya kwetu, fikiria tena.

Ya tatu ni ya tairi nene la inchi 26, zile tunazoita za gia. Hapa ndo pana uongo mwingi na ndo pana ukweli mzuri. Tairi nene ndo rafiki wa mchanga na tope. Unachohitaji ni tairi hilo. Zile shokapu za bei rahisi na gia 18 au 21 ni za kuuzia. Tafuta yenye uma wa mbele wa kawaida na fremu isiyo na shokapu.

Gia nazo zina mahali pake. Aliye Lushoto au Mbeya milimani anazihitaji kweli. Kwetu huku tambarare zinaongeza vitu vya kuharibika tu.

SOMA NAMBA ZA TAIRI, USISOME INCHI PEKE YAKE

Hili nilifundishwa na yule mzee, nikifuta tope kwenye tairi kwa kidole. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 37-590. Ile ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ile ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, nayo kwa milimita. Hiyo ya pili ndo ya kuangalia.

Sikia sasa. Tairi nene la inchi 26 la zile za gia ni 559. Tairi jembamba la inchi 26 la Kijapani, lililoandikwa 26 x 1 3/8, ni 590. Zote watu wanaziita "26", lakini haziingiliani hata kidogo. Ukinunua tairi kwa kusema tu "nipe 26" unaweza kurudi nalo nyumbani likakushinda.

Na kuna Kijapani nyingine ya inchi 27, ile ya 27 x 1 3/8, namba yake ni 609. Hiyo nje ya Japani ni ngumu kupata. Ukiona baiskeli ya mtumba nzuri kwa bei ya ajabu, angalia tairi kabla hujafurahi. Ile kubwa ya kizamani, 28 x 1 1/2, ni 635.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, piga picha ya ubavu wa tairi, nenda duka la spea, uliza kama wanalo. Kama hawana, rudi nyumbani na hela yako.

UKIKAGUA MTUMBA, FANYA HIVI

- Inyanyue gurudumu lizunguke. Likiyumba kushoto kulia, spoku au ringi ina shida. Ringi iliyoyumba kidogo inanyooshwa. Iliyokunjwa achana nayo.
- Shika mkono wa pedali uutikise kwa pembeni. Ukicheza, gololi za ndani zimeisha. Zinabadilishwa, ila toa gharama hiyo kwenye bei.
- Angalia maungio ya fremu, hasa pale mbele chini ya usukani. Ukiona ufa au mchomelea mpya uliopakwa rangi juu, usinunue.
- Angalia uma wa mbele kwa pembeni. Ukiwa umerudi nyuma, iligonga mahali.
- Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukibaki umekunjwa, kiti kipandishwe. Kisipopanda zaidi, baiskeli ni ndogo kwako na magoti yatalia.
- Iendeshe na mzigo. Usizunguke palepale kwenye saruji ya muuzaji. Omba uipeleke kwenye mchanga ukiwa na kilo kadhaa nyuma. Akikataa, umeshajua.
- Namba ya fremu mara nyingi imegongwa chini, pale mikono ya pedali inapopita. Iandike. Muuzaji akuandikie karatasi yenye jina lake, namba hiyo na bei, na awepo shahidi. Baiskeli za wizi zipo, na ukikamatwa nayo hakuna atakayesikiliza kwamba wewe unauza madera.

NILICHONUNUA MARA YA PILI

Nilienda na yule mzee mwenyewe, nikamlipa 5,000 ya muda wake. Tukapata mtumba wa tairi nene 26, fremu ya kike, uma wa kawaida, rangi imechubuka haitamaniki. Bei 110,000. Mzee akazitoa gia zote, akafunga friwili ya meno ya aina moja, akafupisha cheni. Aliweza kwa sababu mahali ekseli ya nyuma inapokaa pana uwazi mrefu, kwa hiyo gurudumu linarudishwa nyuma mpaka cheni inakaza. Fremu nyingine hazina uwazi huo, muulize fundi kabla.

Gharama zilikuwa hivi: matairi mawili 28,000, tyubu mbili 10,000, keria ya kuchomelea 15,000, breki na waya 6,000, kufuli 8,000, pampu 7,000. Jumlisha na baiskeli, 184,000. Hizo ni bei za huku, kwenu zinaweza kupanda au kushuka.

Na 5,000 ya mzee? Niliiandika kwenye daftari kama ada ya shule.

Sasa angalia hesabu ya mwezi. Boda ilikuwa 104,000. Siku za mvua kubwa bado napanda boda, weka siku 5, hiyo 20,000. Kila siku ya kazi naweka 500 kwenye kopo la baiskeli, 13,000 kwa mwezi, ya viraka, mafuta ya cheni na dharura. Nabaki na 71,000. Maana yake baiskeli ilijilipa ndani ya miezi mitatu. Mara nyingi kopo linabaki na hela.

Na pancha zimepungua baada ya kujifunza kitu kimoja: upepo. Upepo ukiwa mdogo mno, ukigonga jiwe tyubu inabanwa na ringi unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu mawili hivyo, usilaumu mbigili, laumu pampu yako. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwenye mchanga mwingi napunguza kidogo, ila siendi chini ya kile kiwango cha chini. Na nikipata mbigili, kabla ya kurudisha tyubu napitisha vidole taratibu ndani ya tairi kutafuta kipande kilichobaki. Ukikiacha, kesho pancha palepale.

WATAKAOSEMA "KOPA PIKIPIKI"

Najua watakuja. Nimeambiwa sana, chukua pikipiki ya mkataba uwe siriasi. Jamani, pikipiki ina rejesho la kila siku uwe umeuza hujauza, ina mafuta, ina bima, ina leseni. Kama una oda nyingi za mjini kila siku na mzigo mkubwa, hesabu inaweza kukubali, nenda nayo. Lakini kama unauza madera matatu kwa siku kama mimi nilivyoanza, utakuwa unamfanyia kazi mwenye pikipiki. Baiskeli ikilala bila kazi, haikudai kitu.

Na si kwamba baiskeli inamfaa kila mtu. Kama njia yako kubwa ni barabara kuu yenye malori na hakuna pembezoni pa kupita, usijiue kwa kubana nauli. Kama unatoka dukani saa 3 usiku kwenye njia ya giza, panda boda unayemjua. Mi nafunga saa 11 jioni ili giza linikute nyumbani, na bado nina tochi mbele na kiakisi nyuma.

Kuna na maneno. Mteja mmoja aliniona njiani akaniuliza, "Dada, biashara imekuwa ngumu mpaka baiskeli?" Nilicheka nikampa mzigo wake. Ulikuwa mkavu, umekunjwa vizuri, na umefika kwa wakati. Ameshaagiza mara nne tangu siku hiyo.

Deni la kikoba liliisha mwezi wa nane tangu ninunue baiskeli ya pili. Jumamosi ya mwisho nilimpa mama rejesho mkononi, na juu yake hela ya zile Jumamosi mbili za maandazi. Akaihesabu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaniambia, "Haya, nenda kanisagie mahindi, una usafiri."

Sasa niambieni wenzangu. Njia ya kwenu ikoje, na unatumia nini kufika kazini? Andika hapa chini na bei ya tairi na tyubu ya mtaani kwako, pamoja na ile namba ya ubavuni. Kuna mtu leo yuko mbele ya baiskeli nyekundu inayong'aa, hela mkononi. Tumuokoe.